Nati Iliyomkatalia Verna Kostiuk

Verna Kostiuk amelala chali chini ya gari ambalo halijapakwa hata rangi. Mkono wake wa kulia umezama hadi kiwikoni, juu kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi. Anapapasa. Kisha nati inamponyoka, inagonga chuma mara mbili na kumwangukia kifuani.

"Imeanguka tena?" anauliza kaka yake, Orest, mkulima wa ngano aliyekuja kusaidia na hadi sasa amesaidia kunywa kahawa.

"Imeanguka. Inajifanya haijui mimi ni nani."

Nje ya gereji, upepo wa Saskatchewan, Kanada, unapeperusha theluji ya mwisho ya Aprili. Ndani kunanuka grisi na chuma kilichochomelewa.

Verna, mwenye umri wa miaka 57, ni fundi wa mashine za shambani. Au tuseme alikuwa. Miaka mitatu iliyopita, mkanda wa mashine ya kuvunia ulimng'oa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Aliporudi kazini alikuta amehamishiwa kaunta ya vipuri.

"Bosi aliniambia kwa upole, Verna, wewe sasa utupokelee simu," anakumbuka. "Upole ule ndio ulioniudhi. Angenitukana, ningejua la kumjibu."

Jibu lenyewe ndilo hili gari. Mabomba ya fremu ameyakata na kuyachomelea mwenyewe. Injini ameitoa kwenye pikapu iliyogonga kulungu barabara kuu.

Giaboksi ilitangulia kuingia, kwa sababu winchi yao ndogo haikuweza kubeba vyote viwili kwa pamoja. Injini ilipofuata, nati za chini za kuiunga na giaboksi zilikubali bila ubishi. Ya juu kushoto aliipata kwa spana aliyoipasha moto na kuipinda shingo: akaipachika nati mdomoni mwa spana kwa grisi, akawa anazungusha kidogo, anaigeuza spana, anazungusha tena.

Ya juu kulia ndiyo iliyokataa. Ukuta wa bati unaofunika giaboksi uko karibu mno, spana haina pa kugeukia, na vidole ambavyo vingeishika nati havipo.

"Toka, nijaribu mimi," anasema Orest.

"Mkono kama koleo la theluji, utapita wapi?"

Anajaribu hata hivyo. Mkono unakwama kwenye kifundo, na kuutoa kunamgharimu ngozi na maneno ambayo mama yao asingependa kuyasikia.

"Basi, dada. Tuitoe injini tuanze upya," anasema huku akiupuliza mkono. "Au uliuze hivihivi. Hakuna atakayekucheka."

Verna anakaa kitako. Kwa muda anautazama mkono wake, si gari.

"Nikiitoa leo, Orest, sitairudisha. Najijua."

Anainuka, anachukua chaki, anaingia upande wa dereva na kuchora mstatili kwenye bati linalofunika giaboksi. Kisha anachukua grainda ya kukatia chuma.

"We Verna! Bati hilo umelipiga nyundo majira yote ya baridi!"

"Nililipiga mimi, nalikata mimi. Sogea, cheche."

Kelele inajaa gereji. Bati linapotoka, nati na bolti yake vinaonekana peupe, umbali wa kiganja kutoka kwenye kiti. Verna anapiga magoti. Anaibana nati kati ya kidole gumba na kidole cha pete, anaisukuma, inateleza, anaisukuma tena.

"Imeng'ata," ananong'ona.

Anaingiza soketi, anavuta rinchi kwa mikono yote miwili hadi inagoma kwenda mbele. Halafu anaegemeza paji la uso kwenye usukani na kulia kidogo, bila kujificha. Orest anajifanya anatafuta kikombe chake.

Tundu lile sasa lina kifuniko cha skrubu nne. Orest alishauri lizibwe kabisa, zulia lipite juu, watu wasione kiraka. Verna alikataa. "Kesho ikilegea nitaingilia wapi?"

Mkaguzi wa serikali atalipima gari Juni. Likipita, Verna ameshapanga safari yake ya kwanza: kazini, Jumatatu asubuhi, mafundi wote wakiwapo.

"Sitaegesha upande wa kaunta. Nitaegesha mbele ya mlango wa karakana, nifungue boneti, nimkabidhi bosi spana. Nitamwambia, tafuta nati iliyolegea. Ukiipata, narudi kupokea simu."

"Na asipoipata?" anauliza Orest.

Verna anajifuta grisi mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Anipishe, niingie kazini."