Mwaka Papa Alipojifunza Kutojua Kuendesha

Mashine ya kusaga muhogo ya Tonton Saidi ilianza kazi kwa kukohoa. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza kama imekata roho, kisha ikashika sauti yake na ukuta wa nyumba yetu ukaanza kutetemeka. Harufu ya mazuti, yaani dizeli, ilichanganyika na ile ya muhogo uliovundikwa, chachu na nzito, ikakaa kwenye nguo zetu hata kanisani. Watu wengine wa Kabondo, mtaa wetu, walilalamika. Sisi tuliishukuru kelele ile, maana ndani yake ndimo nilimojifunza kuendesha gari bila askari yeyote kusikia. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, na mji ulikuwa bado unaitwa kwa jina la Wazungu. Shule niliiacha darasa la tatu, vita vilipoifunga, na sikurudi tena. Simwombi mtu msamaha kwa hilo. Leo nina malori yanayoleta mchele na mawese mjini, na hakuna aliyeninunulia hata gurudumu moja.

Papa yangu alikuwa chauffeur. Siku hizi neno hilo ni jepesi, lakini wakati ule lilijaza mdomo. Aliendesha kamioneti, lori dogo la mfanyabiashara mmoja mgeni, kwenye barabara ya Buta, na kila alipoingia avenue yetu, njia ya mtaani kwetu, watoto walikimbia nyuma ya vumbi wakiita jina lake. Alivaa kofia ya kazi. Alibadilisha vitesi, zile gia, bila gari kushtuka. Mama alikuwa akisema ungeweza kupakata sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndani ya gari lile na usichafue nguo. Vita vilipoingia mjini, mwenye gari alikimbia, akamwachia Papa ufunguo. Papa na Tonton Saidi, jirani yetu mwenye mashine, waliiingiza kamioneti kwenye depo la magunia nyuma ya mashine, wakaifunika mikeka, wakaziba mlango kwa magunia ya makapi. Ile kofia Mama aliichoma jikoni. Papa alisimama akaitazama mpaka ikaisha.

Unajua kwa nini? Askari walikuwa na magari mengi ya kunyang'anya, ila hawakuwa na watu wa kuyaendesha. Kila mwanaume aliyejua kazi hiyo alichukuliwa kupeleka watu na risasi vitani, na wale waliochukuliwa kwetu hatukuwaona tena. Basi ghafla mji mzima ukawa hauna chauffeur. Huyu akawa mshona viatu, yule akasema yeye ni mvuvi wa Wagenia, wale watu wa mtoni, Papa akawa mtu wa kubeba mawese kwa velo, yaani baiskeli. Askari nao hawakuwa wajinga. Wakaanza kupita avenue moja baada ya nyingine na jeep, wakimkalisha kila mwanaume kwenye usukani na kumwambia aendeshe.

Tonton Saidi alikuwa avenue ya nyuma siku walipomkamata chauffeur mmoja pale. Alikuja kwetu moja kwa moja, unga bado kwenye nyusi, akatueleza. Yule bwana alijifanya hajui, tena alijifanya vizuri kabisa. Aliuliza honi iko wapi, akashika usukani kama anashika mbuzi. Lakini jeep ilipoanza kutetemeka ikitaka kuzimika, mguu wake wa kushoto ulishuka wenyewe juu ya ambreaje, kile kikanyagio kinachoachanisha mota na magurudumu. Askari walikuwa wanaangalia mguu tu. Wakamwacha kwenye usukani palepale, wakapanda, wakaondoka naye. Mkewe alikimbia nyuma na sahani ya chakula mkononi.

Papa alijaribu kujizoeza peke yake. Alikaa ndani ya kamioneti kule depo akafanya mambo ya kuchekesha, akapapasa huku na huku, akatoa macho. Tonton Saidi alitikisa kichwa. "Hapana, ndugu yangu. Weye unacheza mujinga. Mujinga ya kweli hajui kama iko mujinga. Hata mutoto ataona." Papa akashuka garini. Halafu akanitazama mimi niliyekuwa nashona magunia mlangoni.

"Mama, kuja," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nilichukua jina la mama yake. "Panda kwa volant." Alinionyesha usukani.

Mama yangu alikuja mbio kutoka jikoni. "Mutoto mwanamuke atafanya nini kule?"

"Atafanya makosa," Papa akasema. "Ni hayo ninatafuta."

Basi masomo yangu yakaanza, sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyefundishwa hivyo. Tulingoja mashine ishike sauti, Papa akawasha mota, nami nikaenda mbele mpaka ukutani na kurudi nyuma mpaka kwenye magunia. Alinionyesha kila kitu mara moja tu, halafu akakataa kunisahihisha. Alikaa pembeni akinitazama kama padri anavyotazama msalaba. Nilipotafuta vikanyagio niliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa usukani. Niliachia ambreaje yote kwa mkupuo, gari likaruka kama chura. Nilipotaka kusimama, vidole vyangu vilibana usukani kwa nguvu, vikitafuta breki ya velo, maana chombo pekee nilichokijua kilikuwa velo. Na mota ilipotaka kuzimika, niliinua miguu yote miwili juu, kama tulivyofanya na velo tukipita kwenye dimbwi la maji.

"Voilà!" Papa alipiga paja. "Saidi, umeona? Miguu juu! Hii kitu miye singefikiria hata nikizeeka." Akanishusha, akakaa yeye, akajaribu. Vidole alivipata upesi. Miguu ilikataa. Kila mara mota ilipotetemeka, wa kushoto ulishuka chini. Alijipiga kwenye goti kwa ngumi. Nilimwona mtu mzima akigombana na mguu wake mwenyewe, nikataka kucheka, kisha nikamkumbuka yule mke aliyekimbia na sahani, nikarudi kushona magunia.

Tuliendelea hivyo msimu wote wa mvua za mwaka ule. Shida ni kwamba mimi nilikuwa najifunza. Siku moja gari lilishtuka, na mguu wangu ukashuka wenyewe kwenye ambreaje, mota ikatulia, nikaenda mbele polepole bila kuruka. Nilijivuna sana. Papa alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Bon. Sasa weye iko chauffeur. Umeharibika, hauna faida kwangu tena." Petroli pia ilikuwa imebaki kidogo sana ndani ya bidoni, lile dumu letu. Kuanzia hapo alifanya mazoezi kwenye kiti cha jikoni, Mama akipiga sufuria kwa mwiko na kusema, "Inazimika!" naye anainua miguu. Mara nyingine aliinua. Mara nyingine hakuinua.

Askari walikuja mchana, jua kali. Waliwatoa wanaume wote nje, wakawapanga barabarani, sisi wengine tukasimama kwenye michongoma ya viwanja. Mkubwa wao alikuwa kijana, ndevu hazijaota, amechoka, sauti imekauka kwa vumbi. "Tunajua kwa hii avenue iko chauffeur. Ni nani?" "Hatujui, chef," avenue nzima ikajibu. Alimuuliza Papa kazi yake.

"Miye nabebaka mawese kwa velo, chef."

"Panda."

Jeep haikuwa na milango. Niliona miguu yake vizuri kama ninavyoona hii yangu. Papa aliinama kutafuta vikanyagio mpaka kidevu kikagusa usukani. Kilikuwa kidevu changu. Akaachia ambreaje, jeep ikaruka, askari aliyekaa pembeni yake akagonga kichwa. Vidole vyake vikabana usukani. Kisha mota ikaanza kutetemeka, na mguu wa kushoto ukasogea. Ninakuapia, ulisogea. Mama alinishika bega mpaka kucha zikaniingia. Halafu miguu yote miwili ikapanda juu, magoti yakagonga chuma, jeep ikazimika.

Askari walicheka mpaka wakaegemea bunduki. "Mutu ya velo huyu! Papa, unaogopa maji?" Na avenue yetu nayo ikacheka. Kicheko kilianzia kwa jirani wa upande wa kulia, mtu ambaye hakuwa akisemezana na Papa kwa sababu ya mpaka wa kiwanja. "Huyu? Hata velo inamuangusha kila siku!" alipiga kelele. Wote wakacheka, wanawake kwa watoto, hata wale watoto waliokuwa wakikimbia nyuma ya vumbi lake. Yule kijana akamsukuma Papa chini kwa mguu. "Shuka, utaniulia jeep." Wakaenda avenue nyingine.

Jioni ile Tonton Saidi alileta kuku kwa furaha. Papa hakula. Alikaa akitazama mikono yake. "Wamenicheka vizuri," alisema tu, na sauti yake haikuwa na hasira wala furaha. Vita vilipopita alirudi barabarani, akafa mzee kitandani kwake, na kila alipokuwa na nafasi ndani ya gari alimpakia bure hadi sokoni yule jirani wa upande wa kulia, ingawa ule mpaka wa kiwanja waligombania hadi mwisho.

Mimi niliendesha gari kabla ya wanawake wengi wa mji huu, nikanunua la kwanza kwa jasho langu, likazaa mengine. Siku hizi wajukuu wangu wananionyesha magari yanayojibadilishia vitesi yenyewe, na vijana wa moto, zile pikipiki, wanajifunza asubuhi, mchana wanabeba abiria. Sawa, dunia inaenda. Sikosi kitu. Nina ukuta mrefu na geti la chuma, na majirani nao wana kuta na mageti yao. Lakini ninapokaa barazani najiuliza jambo moja. Avenue ile nzima ilijua Papa ni nani, tangu bibi kizee mpaka mtoto, na walipoulizwa walisema hawajui. Leo askari akigonga kwangu aniulize jirani yangu anafanya kazi gani, nitamjibu hivyohivyo, sijui, na itakuwa kweli.