Tonge Nililomshikia Binti Yangu

Ulikuwa mwaka wa posho ya njano, posho ndiyo ugali wetu. Vita vimekwisha, Kampala imenyamaza, na mahindi meupe hayaonekani sokoni. Tulikula ule unga wa njano wenye harufu ya gunia, na maharage yaliyotobolewa na wadudu. Mtu akiniuliza binti yangu aliondoka lini, namjibu hivyo. Mambo ya tarakimu siyawezi, shule niliiacha darasa la pili.

Huyo binti ndiye kitinda mimba wangu. Alikuwa na miaka ishirini, na mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno. Siku moja akasema amepata kazi ya utingo kwenye lori la kwenda Zaire. Mwanamke, utingo. Mtaa wetu wote wa Kisugu ulicheka.

"Kuna nini huko?" nikamuuliza.

"Sijui. Ndiyo maana naenda."

"Na huyu mtoto?"

"Wewe si upo, Mama?"

Kaka yake alimbebea mfuko, nami nikiwasindikiza, mpaka Old Kampala, lori lilipokuwa linapakia. Hapo binti yangu akamnyang'anya huo mfuko. Ngazi ya lori ilikuwa juu, nikamshika mkono apande. Akanibandua vidole, kimoja kimoja.

"Sitaki mkono wa mtu," akasema.

Sikulia. Nilirudi nyumbani nikamlea mjukuu wangu, na nimemlea vizuri kuliko wote niliowazaa. Hilo nalisema kwa majivuno. Alipofika miaka sita alikuwa anasoma Kurani kunishinda. Aliniita Mama. Sikumsahihisha.

Mwaka wa saba binti yangu akarudi. Ilikuwa mchana, tumekaa mkekani tumezunguka sinia, maana sisi Wanubi hatuli kila mtu na sahani yake. Amekonda, na mkono wa kulia umepinda, vidole vimekauka. Lori lilipinduka msituni, akatueleza. Mzee mmoja wa kule alitaka kumnyoosha mfupa, yeye akamfukuza, akaufunga mwenyewe kwa kamba ya gunia. Mfupa ukaungana ulivyotaka. Alisimulia kama anayejisifu.

Kisha akachutama, akapeleka mkono wa kushoto kwenye sinia.

Mjukuu wangu akaupiga kofi. "Mgeni, huo ni mkono wa chooni. Kwetu hauingii hapa."

Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ningeweza kuagiza sahani, ajilie pembeni kwa mkono wowote. Sikuagiza.

Nikamtuma mtoto maji. Binti yangu akanisogelea.

"Mwambie mimi ni nani," akaninong'oneza. "Mwambie leo, Mama. Sina kingine nilichorudia."

"Nitamwambia," nikasema. "Lakini kwanza utakula mkononi mwangu. Hapa hapa, mbele yake na mbele ya kaka yako, kama nilivyokulisha ulipokuwa huna meno."

Kaka yake akainamisha kichwa. "Mama, acha," akasema. Sikuacha.

Mtoto akarudi na birika. Nikafinyanga tonge la posho, safari hii posho nyeupe, nikalichovya kwenye mchuzi, nikalipeleka mpaka mdomoni mwa binti yangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. Ikafunguka kidogo. Niliiona njaa yake. Mchuzi ulinitiririka mpaka kwenye kiwiko, na mkono wangu haukutikisika.

Mtoto akacheka. "Mama, mtazame mgeni. Mtu mzima analishwa kama kitoto."

Midomo ikafungika. Binti yangu akashika ukuta kwa mkono wa kushoto, akajiinua. Tonge bado nilikuwa nimelishika juu. Akamtazama mwanawe, halafu akanitazama mimi.

"Sitaki mkono wa mtu," akasema.