Walimwona Jumapili

Nilipokuwa mtoto kule Kinyala, Rungwe, niliamini kwamba mama yangu angeniua kwa kucheka. Usinicheke na wewe. Niliaminishwa na shangazi, dada yake baba, mwanamke aliyejua kila mwiko wa msiba isipokuwa ule wa kunyamaza.

Mwaka ule kaka yangu Lusajo alikuwa amefariki kwa homa. Shangazi akamfunga mama ukanda wa mgomba mkavu kiunoni, akasema usifunguliwe mpaka mwaka uzunguke. Tena mama aliyefiwa asicheke wala kuimba penye kaburi la mwanawe kabla ya hapo, maana akicheka anamwita mwingine. Na huyo mwingine ni mimi. Hatukuwa na mtoto wa tatu.

Sasa, kanisani kwetu Pasaka huanzia makaburini. Jumamosi watu hupalilia makaburi ya ndugu zao, na Jumapili, jua halijatoka, matarumbeta hupita vijijini yakiamsha watu, nasi sote huenda kusimama katikati ya wafu wetu. Niliipenda ibada ile kuliko Krismasi. Mwaka ule nilitamani mtu ayazibe matarumbeta kwa matope.

Jumamosi nilimpelekea mama ndoo ya maji makaburini. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya udongo wa Lusajo, jembe pembeni, analia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mtu yeyote. Alikuwa akimgombeza Mungu kwa Kinyakyusa, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Aliponiona alinyamaza, akanawa uso kwa yale maji, akaendelea kupalilia. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kesho yake alifungua ukanda, akauacha kitandani, akavaa gauni jeupe. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni.

"Wifi, unakwenda wapi bila ukanda?"

"Nakwenda kwa mwanangu."

"Na huyu aliyebaki humtaki?"

"Namtaka. Ndiyo maana nakwenda naye."

Makaburini mvua ilitukuta. Mchungaji akapaza sauti, "Bwana amefufuka," na watu wakaitikia, "Amefufuka kweli kweli." Mama aliitikia kuliko wote, kisha akacheka. Alicheka mikono juu, machozi na mvua vikimtiririka pamoja. Nilimvuta gauni, nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Nilimchukia, nasema kweli.

Haikupita wiki nikashikwa na homa ya mapafu. Basi, kijiji kizima kikapata ushahidi. Mvua ya masika ya Rungwe haihitaji msaada wa marehemu kumwangusha mtoto aliyesimama ndani yake bila mwavuli, lakini nani angesikiliza hilo? Shangazi alikuja hospitali na ule ukanda kwenye mfuko, akamtaka mama aufunge palepale wodini na kuomba radhi. Na mimi, kifua kikikoroma, nikamsihi, "Mama, funga."

Aliushika ukanda. Aliogopa, niliona. Alikuwa amezika mmoja na wa pili anapumua kwa shida mbele yake.

"Atu," akaniambia, "nikiufunga huu nitakuwa nimekubali kwamba Lusajo ameisha. Hajaisha, mwanangu. Na uhai wako hautokani na kununa kwangu."

Akaurudisha mfukoni kwa shangazi. Nilichomwa sindano nyingi, nikapona. Unadhani waliomba msamaha? Wakasema nimepona kwa bahati, na tangu hapo mama akaitwa mwanamke asiye na uchungu. Alilibeba jina hilo sokoni, kisimani, hata kwenye benchi la kanisa lilelile linalohubiri ufufuo. Linanichoma mpaka leo. Walimwona Jumapili. Jumamosi hawakuwepo.

Hasira zangu haziishii kwa shangazi. Mwaka jana tulipomzika mama, kijana mmoja mshereheshaji, msema chochote, alishika kipaza sauti akatuambia tusilie, eti Mkristo halii. Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti. Kasema nani? Furaha ya mama yangu haikushuka tu kama umande. Aliilima palepale alipolala kifudifudi, na aliilipia kwa kilio ambacho kijana yule hajawahi kukilia.

Pasaka ya mwaka huu nilirudi Kinyala na binti yangu. Jumamosi nikapalilia kaburi la mama, kisha nikalala kifudifudi juu yake nikalia. Mtoto akanikuta chini. Asubuhi yake, matarumbeta yakiwa yanakaribia, shangazi, ambaye sasa haoni vizuri lakini ulimi haujazeeka, akamshika binti yangu mkono: "Mwambie mama yako asicheke kule. Mwaka haujazunguka."

Nilimchukua mwanangu tukaondoka, maana ningejibu vibaya. Nilitembea mpaka makaburini nimekunja uso. Mchungaji akaita, nikaitikia kwa hasira, kwa sauti iliyonikwaruza koo, kama mtu anayegombana na kijiji kizima: amefufuka kweli kweli. Na katikati ya maneno hayo, sijui ilitokea wapi, nikajikuta nacheka.

Binti yangu akanivuta gauni. Niliyajua yale macho.

"Jana si ulinikuta nalia?" nikamuuliza.

"Nilikukuta."

"Basi wewe ulikuwepo. Cheka."