Kibao cha Ramjatan

Kuna wanaume waliozaliwa kulima, na wengine waliozaliwa kuchunga. Ramjatan Mahto alizaliwa kushtaki. Namjua tangu anatambaa, maana nyumba yetu na yao zinapeana mgongo. Alipokuwa mtoto alimshtaki jogoo kwa baba yake. Alipooa aliwashtaki wapiga ngoma wa harusi. Wenziwe wakienda mjini hurudi na bangili za wake zao. Yeye alirudi na mihuri.

Kilichomkosesha usingizi ni kiwanja kidogo kilicho kati ya nyumba yake na ya marehemu mdogo wake. Baba yao aliwagawia mbele yetu sote, na kile kikawa cha mdogo. Mdogo akafa kwa homa, akaacha mjane, Sugiya, na nyati mmoja wa maziwa. Pale kiwanjani ndipo Sugiya alipomfunga nyati, ndipo alipokanda mavi yake kama mikate na kuyaanika yawe kuni. Bila kiwanja hapana nyati. Bila nyati hapana maziwa ya kuuza, na Sugiya angerudi kwa kaka zake kuosha sufuria za mawifi. Ramjatan alilijua hilo. Ndilo alilolitaka.

Ila hakuweza kugombana naye uso kwa uso. Kwetu mke wa mdogo mtu hasemi na kaka mkubwa wa mumewe. Hujifunika uso, na mkubwa naye hathubutu kumgusa wala kukanyaga kivuli chake. Basi yaliyomshinda kuyasema uani akayapeleka mahakama ya wilaya, akarudi na amri ya zuio: mpaka kesi iamuliwe, kiwanja kibaki kama kilivyo, asichimbe mtu, asijenge mtu.

Lo, alivyoisoma amri ile! Kwenye kibanda cha chai, msibani, hata kwa kinyozi na povu liko shavuni.

"Kaka, tulia," kinyozi akamwambia. "Nikikukata utanishtaki."

Kusoma hakukumtosha. Akaleta mafundi, wakachimba katikati ya kiwanja, wakajenga msingi wa matofali na saruji, wakasimamisha nguzo za chuma na kibao chekundu: KIWANJA HIKI KIKO CHINI YA AMRI. ATAKAYECHIMBA AU KUJENGA AMEIDHARAU MAHAKAMA. Akapasua nazi, akagawa vitamu vya maziwa. Nilikula. Vilikuwa vimechacha.

Sugiya akavuta ncha ya sari usoni, akamgeukia nyati wake.

"Mama nyati, hebu muulize mkubwa: hayo mashimo yamechimbwa na panya?"

Ramjatan naye akamkazia macho nyati. "Mwambie bibi yako sheria si mavi, haikandwi kwa mkono!"

"Mwambie tumesikia."

Kesho yake mikate ya mavi ilikuwa imebandikwa msingi mzima. Saruji mpya, laini, inayopigwa na jua: mwanamke gani angeiacha?

Ramjatan alifurahi kama aliyepata mtoto wa kiume. Akapiga picha, akapanda basi kwenda kumshtaki kwa kudharau mahakama. Siku ya kusikilizwa nilikuwepo, maana Sugiya hakuwa na mtu wa kufuatana naye.

Hakimu, mwanamke wa miwani, akaitazama ile picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mavi nayaona," akasema. "Na huu msingi chini ya mavi, ulikuwepo nilipotoa amri?"

"Haukuwepo, Mheshimiwa!" Ramjatan akajibu, kifua mbele. "Nimeujenga mimi! Tumechimba mpaka kiunoni, hautikisiki!"

Wakili wake akajifunika uso kwa faili, utadhani ndiye mke wa mdogo mtu.

"Kwa nini umejenga?"

"Kuilinda amri yako, Mheshimiwa."

"Umeilinda kwa kuivunja. Utaomba radhi hapa hapa. Kisha kesho, kabla jua halijazama, utabomoa kwa mikono yako mbele ya karani wangu. Jua likikutangulia, utalala ndani."

Kesho yake kijiji kizima kilikuja. Sugiya alishakaa kando ya msingi, amejifunika hadi kidevuni, anakanda mavi yake. Kivuli chake kimelala juu ya saruji. Ramjatan akazunguka na nyundo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Bomoa, mzee," karani akasema.

"Nitabomoaje? Kivuli chake kiko hapo!"

"Kivuli hakimo kwenye amri."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Jua likateremka, na kadiri lilivyoteremka kivuli kikarefuka. Mwishowe Ramjatan akamgeukia nyati.

"Mama nyati, mwombe bibi yako asogee kidogo."

"Muulize, nisogee kwenye kiwanja cha nani?"

Karani akatazama jua.

"Cha mdogo wangu."

"Mdogo wake amekufa. Sasa cha nani?"

"Cha mjane wake! Baba aligawa, wote wanajua! Asogee jamani, nitalala jela!"

"Rudia, mzee," karani akasema akitoa kalamu. "Polepole, niandike."

Akarudia. Sugiya akasogea. Ramjatan akagonga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na tulimtazama mpaka tofali la mwisho. Kesi yenyewe iliisha haradali ikichanua, akiwa ameshindwa kwa maneno ya kinywa chake.

Kibao kile sasa ni mlango wa zizi la ndama wa Sugiya. Ramjatan akipita hutazama upande wa pili. Nyati humkodolea macho, kama anayengoja kutumwa.