Mbegu Iliyogaragazwa kwenye Jivu

Juzi nimeiona mikono ya bibi yangu mezani kwa Mromania. Usinicheke. Bibi alikufa mimi nikiwa mtoto, na hiyo Romania siwezi hata kukuonyesha kwenye ramani. Lakini mikono ilikuwa yake, ndugu yangu, kwa wino mweusi, imeinamia ungo.

Mromania huyo anakaa ghorofa ya chini yangu, hapa Märsta, Uswidi. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia, tukigombania zamu ya mashine mpaka tukacheka. Mimi nasafisha uwanja wa ndege, yeye anachora. Siku hizi anachorea kitabu cha kwao, hadithi ya zamani ya wakulima: akina mama wa vitambaa kichwani, ng'ombe, majani makavu marundo marundo. Siku yangu ya mapumziko akanishika mlangoni.

"Dada, niazime mikono. Nina mwanamke anachambua maharage, na mimi kuchambua nimesahau."

Binti yangu alikuwa nyuma yangu. Huyo kila siku ananiuliza kwa Kiswidi bibi yangu alikuwaje, na mimi sina hata kipande cha picha cha kumwonyesha. Nikamwambia Mromania, "Sawa, lakini ukimaliza utanichorea bibi yangu."

Akanimwagia maharage ya dukani kwenye sinia. Kidole gumba kikaanza chenyewe, hili huku, lile kule, nami nikawa nimeshafika nyumbani.

Kwetu Burundi hatukukaa kijijini, kila ukoo ulikuwa na upande wake wa kilima. Boma letu lilikuwa juu ya kijito. Kiangazi, mashina ya maharage yalianikwa uani, tukayapiga kwa fimbo mpaka viganja vikawaka. Maganda yanapasuka pa! pa!, kuku wanavamia, vumbi linanukia majani na jua. Bibi hakupiga. Alikaa kwenye kivuli cha ghala na ungo wake, akichagua ya mbegu, yale manene mekundu yenye madoa meupe. Kazi yangu ilikuwa kumletea jivu la jikoni, liwe limepoa. Aliyagaragaza humo ili wadudu wasiyatoboe, kisha chunguni, na mdomo wa chungu akauziba kwa majani ya mgomba. Mikono yake ilikuwa ya kijivu hadi kwenye viwiko. Jioni alinishika shavu kwa mikono hiyohiyo, nikalala na jivu usoni, na sikunawa.

"Mbegu haiuzwi," alisema kila msimu. "Na anayeiomba hanyimwi, hata kama jana mligombana."

Jirani wa ng'ambo ya kijito alilijua sana neno hilo. Mvua ikikaribia, huyo hapo na kikapu chake.

"Wewe mbegu unazipika!" bibi alimtania.

"Sasa mama, utamu wote huo niufukie ardhini?"

Bibi alicheka huku akimjazia mpaka pomoni.

Sitazunguka. Aliyewaleta watu wenye mapanga ni mkuu wa kilima, alilitaka shamba letu la kijitoni. Aliyewaonyesha njia ya nyuma ni huyo jirani. Nilikuwa nimejificha kwenye mtama, nikamwona. Alikuja na kikapu kilekile. Alitoa kwanza mbegu za bibi, ndipo wakaichoma nyumba, na bibi ndani. Watu wanasema "vita", kama vile vita ina miguu ya kuja yenyewe. Mimi nasema hawa wawili.

"Jivu liko wapi?" nikamuuliza Mromania. Mkono ulikuwa umeshalitafuta pembeni ya sinia.

Akalitazama jiko lake la umeme, akanisogezea kisahani cha sigara.

"La sigara! Bibi angekuchapa na wewe."

Tukacheka. Kisha akashika karatasi nyingine. "Haya, deni lako. Sura yake ilikuwaje?"

Nikautafuta uso ule hapo kwenye kiti, pua, macho, meno, nikapata kitambaa cha kichwa na mikono tu. Nikalia, ndugu yangu, kwa hasira. Kumbe wale wawili na uso walichukua.

Mromania hakunibembeleza. Akauliza, "Wewe ulikuwa unakaa wapi akichambua?"

"Chini. Magotini pake."

"Basi ulikuwa unaona mikono," akasema, na akachora hivyo: mwanamke ameinama, kitambaa kimefunika uso, mikono imetokeza mbele, mikubwa kuliko kila kitu. Kitabu kimepata nakala. Karatasi yenyewe iko kwangu, juu ya meza ya kulia.

Binti yangu ameiangalia muda mrefu. Halafu akauliza, safari hii kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Mama, hayo maharage ya bibi, sisi iko nayo?"

Hatuna. Boma halipo, ghala halipo, na maharage yale sijayaona duka lolote la Stockholm. Kama bado yako duniani, yako ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la yule jirani. Mbegu za bibi zimepandwa na yeye, zimevunwa na yeye, labda zimegaragazwa kwenye jivu na wajukuu zake.

Nikizitaka, itabidi nisimame kwake na kikapu. Na kwa neno la bibi, hana ruhusa ya kuninyima.