Rundo Nililolichoma Kabla Kamati Haijafika

Nilirudi Bariadi na stashahada ya kilimo, ya kwanza katika ukoo wetu. Hakunisomesha mjomba wala padri. Nilijilipia kwa kubeba marobota ya pamba stesheni ya Malampaka, kwa hiyo wilaya ilipotafuta mtu wa kuzungumza mbele ya wabunge, sikushangaa kuitwa.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa, wanunuzi binafsi wamejaa vijijini, na wizara imeandika kanuni mpya za kilimo na taka za mashambani. Kamati ya Bunge ilikuja kuzichunguza. Kanuni moja ilimtaka mkulima, akishavuna, ang'oe miti ya pamba na kuichoma yote, funza wasibaki hadi msimu ujao. Mimi niliiunga mkono kwa kurasa sita zilizopigwa taipu.

Lakini kwetu mwanamke hachomi miti ile ovyo. Huibeba nyumbani na kuipanga nyuma ya jiko. Ndizo kuni zake hadi mvua za kupandia, maana mapori yetu yalikwisha zamani. Rundo la mama lilipita paa la jiko, na magari ya wabunge yangepita hapo hapo. Mtaalamu wa kanuni, kwao kumejaa taka? Asubuhi ya siku ile, mama alipokwenda kisimani, nililichoma.

Alirudi, akatua ndoo, akayatazama majivu.

"Ni kanuni, mayu," nilisema, kama tunavyowaita mama zetu.

"Haya, baba. Na ugali utaupika kwa hiyo kanuni?"

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kununulia pamba. Nilisoma kurasa zangu vizuri sana. Hilo hata wasionipenda walikiri. Mwenyekiti wa kamati, mama wa makamo mwenye miwani, akawageukia wanawake waliokaa nyuma.

"Mkichoma miti yote, mtapikia nini?"

Mama yangu akasimama. Alisema Kisukuma, na mkalimani nilikuwa mimi.

"Mwambie funza hulala kwenye vitumba, yale matunda ya pamba yanayobaki mtini. Sisi tunavipukutisha shambani, tunavichoma huko huko, tunabeba miti mitupu. Mwambie ningemwonyesha rundo langu, ila mtaalamu amelichoma leo."

Banda zima likacheka kabla sijafungua kinywa. Ningeweza kuikata ile sentensi ya mwisho. Lakini habari ya vitumba nilifundishwa chuoni, nikaijibu vizuri kwenye mtihani, kisha nikaisahau nyuma ya jiko la mama yangu. Nikatafsiri yote.

"Mtaalamu yupi huyo?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Hakucheka. Aliandika kwa muda mrefu.

Kanuni ilirudi imerekebishwa: miti iliyopukutishwa vitumba ruksa kuwekwa nyumbani hadi mvua za kupandia. Maneno yalikuwa ya mama, lakini Kiswahili kilikuwa changu, na najivunia hadi leo. Msimu ule mama alipikia samadi kavu, moshi ukamtoa machozi, na mimi kila Jumamosi nilimletea kuni kwa baiskeli kutoka Lalago, safari ambayo wenzangu wengi wasingeimaliza.

Mavuno yaliyofuata nilikwenda kumsaidia kupanga rundo jipya. Kabla sijagusa mti hata mmoja, alininyooshea kiganja.

"Kiberiti kwanza."

Nikakitoa mfukoni, nikampa.