Fungu la Nyama Juu ya Meko

Tulikuwepo mimi, mwanangu wa kwanza mwenye duka la vitenge Kariakoo, mke wake, na binti yao, mjukuu wangu. Yupo pia jirani yake wa duka, mtu wa Lindi. Huyo hakusafiri nasi, lakini simwachi nje. Majina yao yote ninayo kichwani, nimeyaacha huko huko.

Daktari alishamwambia mwanangu kwamba kwa presha yake dawa peke yake haitoshi, aache kazi kidogo. Wapi! Anakula amesimama, analala na simu kifuani. Sisi ni watu wa Kilimanjaro, Krismasi tunaenda nyumbani. Yeye miaka yote haendi, anasema Desemba ndiyo biashara. Mwaka ule mkwe wangu akashusha geti, akapiga kufuli mwenyewe.

Jirani akapaza sauti, ule utani wa kila Desemba kwamba Wachaga tunaenda nyumbani kuhesabiwa: "Mangi! Leo unaenda kuhesabiwa? Huko si walishakuandika umekufa!"

"Cheka tu. Wateja wangu usiniibie."

"Shikamoo mama. Huyu mkaeni naye huko mpaka anenepe."

"Marahaba baba. Nitamfunga kamba."

Kule mwanzoni alikuwa anazungukazunguka uani kama kuku mgeni. Halafu akaanza kumkatia ng'ombe majani. Akalala mchana migombani, mdomo wazi, simu ameisahau ndani. Jioni akamkimbiza binti yake mpaka mferejini, wakarudi wameloa, anacheka. Mkwe wangu akaniambia jikoni, "Mama, huyu ndiye niliyeolewa naye." Nami niliona. Uso ulikuwa umerudi.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuchinja mbuzi, ukoo mzima umekuja. Kwetu kila mtu ana fungu lake, na asiyekuwepo anawekewa. Asubuhi ile jirani akapiga simu: wateja wa Zambia wamefika, wamekaa mbele ya geti, wanauliza.

Mke wake akamshika mkono. "Waende kwa mwingine."

"Naenda na kurudi. Mama, fungu langu mniwekee."

Tulimwekea. Tukalitundika juu ya meko, moshi ulikaushe, lisiharibike.

Alifungua duka, akainama kuinua robota, akaangukia pale pale kwenye vitenge. Alirudi kweli, kwa gari la msiba, tukamzika kwenye migomba ile ile alikolala mchana.

Jirani alikuja naye njia nzima. Akakaa chini miguuni pangu, akasema, "Mama, ningenyamaza tu."

Lile fungu hakuna aliyeligusa. Likawa jeusi, gumu, likaanguka lenyewe majivuni.

Sasa duka analo mkwe wangu. Desemba ikifika anafunga, na jirani anamsaidia kushusha geti. Utani hakuna tena.

Mkwe wangu anasema siku ile anaondoka mume wake aligeuka kutupungia mkono alipofika kwenye mfereji. Mimi naona hakugeuka. Macho yangu ni ya kizee, na nyumbani tulikuwa wengi. Aliyemwona anisahihishe. Ningependa niwe nimekosea.